Ufagio Juu ya Nyumba Nyeupe

Hawa wanaokuja na kamera siku hizi siwalaumu. Wanasimama barabarani, wanainua shingo, wanaitazama nyumba yangu, kisha wanakunja uso. Chini ni nyumba nyeupe, madirisha marefu yanakata pembe, kuta zimenyooka hazina hata ua moja la plasta. Juu limekaa paa la vigae vyekundu, la mteremko, zito. Mmoja aliniambia ni sawa na mtu aliyevaa suti nzuri halafu akajitwika kapu la viazi. Nilicheka, maana ni kweli. Kisha nikamfungia mlango, maana kapu lenyewe alilisuka baba yangu.

Mimi ni Roswitha, binti wa Traugott Behnke, seremala wa mapaa. Nimezeeka, magoti yamekataa ngazi, lakini mdomo bado mzima, waulizeni majirani. Anayetaka habari za paa hili akae nimweleze. Mwenye haraka na aende zake.

Baba hakuwa seremala wa vitanda na makabati. Hao aliwaita mafundi wa sebuleni. Yeye alikuwa mtu wa kenchi, ule mfupa wa mbao unaobeba paa, mtu wa kutembea juu ya boriti na suruali yake pana nyeusi na kofia yake pana, akipiga mluzi. Nusu ya mji wetu ilifunikwa na yeye, na baba yake kabla yake. Na kila kenchi ilipokamilika, kabla kigae cha kwanza hakijapanda, palikuwa na shada. Kwetu Ujerumani hilo si jambo la mchezo. Mafundi wanafunga shada la matawi ya msonobari na riboni, wanalipandisha mpaka kwenye mgongo wa paa. Fundi mkuu anasimama pale juu, anaiombea nyumba kwa mashairi, anakunywa glasi ya pombe kali, halafu anaitupa glasi chini ivunjike. Ikivunjika, nyumba ina heri. Mwenye nyumba anawalisha watu soseji na bia mpaka jioni.

Na mwenye nyumba akiwanyima mafundi haki hiyo, wao hawagombani naye. Wanatundika ufagio pale ambapo shada lingekaa, basi. Ufagio ukionekana juu ya nyumba, mji mzima unajua humo anahamia mtu asiye na adabu.

Sasa, ile vita kubwa ya kwanza ilipokwisha, mjini kwetu ukaja wazimu mzuri. Nauita wazimu, lakini nilikuwamo, na sijawahi kuwa na furaha kama ile tena. Kilifunguliwa chuo cha sanaa mpya kando ya reli. Vijana walikata nywele zao, wasichana kwa wavulana, wakasema: dunia iliyoua kaka zetu ilikuwa imejaa mapambo. Makabati yenye miguu ya simba, mapazia ya dhahabu, vikombe vyenye malaika. Tupa nje! Mpe mtu mwanga, hewa, mstari ulionyooka, na kiti ambacho hata dobi anaweza kukinunua. Mimi nilikwenda kujifunza kufuma. Baba aliniruhusu akidhani nitamletea vitambaa vya meza. Cha kwanza nilichomletea kilikuwa cha kijivu, na katikati mraba mmoja mwekundu. Akakigeuza, akakigeuza tena.

"Hapa palichanika?" akauliza. "Naona umetia kiraka."

Mwalimu mmoja kijana wa usanifu wa majengo pale chuoni aliitwa Andor. Alitoka Hungaria, mwembamba, koti limefungwa vifungo mpaka kooni, na Kijerumani chake kilikwenda kama baiskeli juu ya mawe. Nilimpenda, sina la kuzungukazunguka. Halmashauri ya mji ilimpa shamba lote hili, wakati huo palikuwa viazi vitupu, ajenge mtaa wa wafanyakazi. Kazi ya mbao alipewa Baba na kikosi chake, zile mbao za kukingia zege. Baba aliikubali kwa ajili yangu. Aliona kwamba mwisho wa yote nyumba ni nyumba, lazima itafika kwenye paa.

Nyumba ya kwanza, hii hapa, ilipofika juu, Baba akamwendea Andor. Mimi nilikuwa nimewaletea kahawa, nikasikia yote.

"Kenchi tunaanza lini?"

"Hakuna kenchi, Mzee Traugott. Paa ni bapa. Ni hilo zege lenyewe."

"Bapa kama meza?"

"Kama meza. Watu watapanda juu waote jua."

Baba akavua kofia, akajikuna kichwa. "Haya. Kila mtu na nyumba yake. Sasa shada tunalitundika wapi?"

Andor akacheka. Hakucheka kwa dharau, namjua, alicheka kama kijana anayetaka kila mtu apande naye kwenye gari. "Shada la nini, mzee wangu? Tunajenga dunia mpya. Mashada na mashairi tumewaachia bibi zetu."

"Bibi yangu alikufa," Baba akasema. "Shada halijafa."

Akavaa kofia yake akaondoka. Jumatatu yake palikuwa na ufagio juu ya nyumba, umesimamishwa wima ukingoni, mpini wake mrefu, mweupe kwa jua.

Na hapo ndipo Andor wangu alipofanya kosa ambalo mtoto wa mji huu asingelifanya hata usingizini. Kwao shada walikuwa nalo. Ufagio hawakuwa nao. Alifika asubuhi, akauona, moyo ukamruka. Mstari mmoja umesimama juu ya mstari mmoja uliolala! Alidhani mafundi wameielewa sanaa yake na sasa wanamjibu kwa lugha yake. Akaupiga picha. Hakuniambia, alitaka kunishangaza. Mara ya kwanza mimi kuiona ile picha ilikuwa kwenye bango la maonyesho ya chuo, limebandikwa kila kona, kwa mwokaji mikate, stesheni, mpaka ukutani kwa kanisa.

Mji ulicheka, jamani! Wanawake sokoni walikuwa wakiona bango wanashikana mabega. Nilikimbia mpaka chuoni, nikamkuta anajipongeza.

"Andor, wee Andor, ule ni tusi!"

Nikamweleza. Akakaa kwenye ngazi.

"Si wangenitukana tu kwa mdomo?"

"Wamekutukana. Wewe ukaenda ukalichapisha."

Siku hiyohiyo alivaa lile koti lake akaenda kwa Baba kuomba radhi, na keki ya plamu mkononi. Lakini maji yalikuwa yamekwisha mwagika. Baba hakuamini kwamba mtu msomi anaweza kuwa mjinga kiasi kile. Yeye aliona Andor amewajibu: aibu yenu hainigusi, tazameni, naifanya urembo. Akaiacha keki mezani, hakuigusa.

"Na mimi nina neno, Baba," nikasema, maana sikuona siku bora itakayokuja. "Tunaoana. Na tumepewa ile nyumba ya kwanza."

Baba akasema polepole, "Wewe ni mwanangu, sikukatai. Nitakuja kukuona, nitakuja mpaka getini. Lakini nyumba iliyotundikwa ufagio, mimi mlango wake siingii. Naapa mbele ya mama yako aliye kaburini."

Ole wangu, alikuwa mtu wa neno moja. Tangu siku ile nilikuwa na haja moja tu duniani: Baba avuke kizingiti changu, akae, nimtilie kahawa. Wengine huota mali.

Tulihamia. Asubuhi ya kwanza jua liliingia mpaka chini ya kitanda, nikalia kwa raha. Mimi nilikulia kwenye chumba ambacho mchana tulikuwa tunawasha taa. Andor alinitengenezea jiko ambalo kila kitu nakifikia bila kunyanyua mguu, na viti vya bomba la chuma visivyo na miguu ya nyuma, ukikaa vinakubembeleza. Baba alivikagua kutoka getini, siku nilipovitoa nje kuvifuta.

"Miguu mingine inakuja lini?"

"Haiji, Baba. Ndivyo kilivyo. Kaa ujaribu."

"Kiti kimechuchumaa hivyo kama mbwa anayejisaidia, mimi nikikalie?"

Tukapata mtoto, tukamwita Ilka. Alizaliwa na mapafu mabovu. Daktari akasema: jua na hewa, dawa nyingine hana. Katika mji ule wote wenye mapaa mazuri ya baba yangu, nyumba zenye jua na hewa zilikuwa hizi zetu. Tulimlaza juu ya paa, kwenye kile kibaraza wazi, amefunikwa blanketi nililolifuma, na pale akanenepa, akawa na mashavu. Nasema hivi kwa sababu leo wanasema usasa, ile sanaa mpya ya chuo chetu, ulikuwa baridi, haukuwa na moyo. Mwanangu aliongezewa miaka juu ya lile zege. Wasiniambie mimi habari za moyo.

Baba alikuwa akija Jumapili baada ya kanisa. Anasimama barabarani, Ilka yuko juu ukingoni, nimemshika gauni, wanapigiana kelele mtaa mzima unawasikia.

"Babu, panda!"

"Ngazi yenu siiamini!"

"Ni ya zege, Babu!"

"Ndiyo maana!"

Anacheka, mtoto anacheka mpaka anakohoa, namtoa ukingoni. Baba anabaki amesimama pale chini na kofia mkononi, anasikiliza kikohozi mpaka kinyamaze. Halafu anaacha tufaha juu ya nguzo ya geti, anaondoka. Mara ngapi nilimwambia, Baba, hatua kumi tu, nikutilie kahawa. Ananitazama kwa macho ya mtu anayeumwa, anatikisa kichwa. Alikuwa anaumia, niliona. Na mimi nilikuwa naumia. Na wala hakuna aliyejua namna ya kuliondoa neno lililokwisha tamkwa.

Kiangazi kimoja Andor alisahau kopo la rangi nyekundu juu kule, ile tuliyopaka mlango. Nikapanda nikamkuta Ilka ameshachora kwenye ukuta wa kichumba cha ngazi, ukuta mweupe pee, ule ambao Andor alikuwa akiupapasa kama mtu anavyompapasa farasi. Kachora nyumba yenye paa la ncha. Juu ya ncha kasimama mtu mwenye kofia pana, ameshika kitu cha duara.

Nikasikia Andor anapanda. Huyu ndiye aliyeniondolea pazia langu la maua siku ya pili ya ndoa, akalikunja vizuri, akasema, "Samahani mpenzi, hili linapiga kelele." Akasimama mbele ya ukuta.

"Huyu ni nani?"

"Babu. Ana shada lake."

"Na mlango uko wapi?"

"Hakuna," Ilka akasema. "Babu haingii. Mlango wa nini?"

Andor akashuka akaenda kunawa mikono, akanawa, akanawa. Kila mwaka alikuwa anapaka kuta upya. Ule hakuugusa tena kamwe.

Kisha wakaja wale wa mashati ya kahawia, wa kile chama kilichotuletea vita ya pili. Kwanza barabarani na nyimbo, halafu halmashauri, halafu kila mahali. Walisema mapaa bapa ni ya jangwani, si ya damu yetu. Chuo kilifungwa, vitambaa vyetu vikatupwa uani, mvua ikavinyeshea. Walimu wakatawanyika. Andor alikatazwa kazi, mara mbili: kwa sababu ya mistari yake, na kwa sababu ya kabila la mama yake, Myahudi.

Ilka alikufa majira ya baridi yaliyofuata. Siwezi kuyasema mengi hapo.

Jeneza alilitengeneza Baba. Alikuja nalo kwenye mkokoteni kwenye theluji, mbao za mwaloni, amezilainisha mpaka zinang'aa, na kwenye kifuniko hakuchonga ua wala malaika. Alikiacha kitupu, kimenyooka, kwa sababu alijua mtoto alilelewa katika mistari iliyonyooka. Andor akaingia na jeneza pamoja na jirani. Baba akabaki nje.

"Baba, ingia," nikasema mlangoni. "Leo tu. Mjukuu wako yuko ndani."

Akaweka mguu kwenye kizingiti. Nauona mpaka leo, kiatu kile na theluji juu yake. Halafu akaurudisha.

"Niliapa, Roswitha. Kwa mama yako."

"Mama yangu angekutemea mate!" nikamwambia, nikamfungia mlango usoni. Tulizika tumesimama pande mbili za shimo. Baada ya hapo sikumwendea, naye hakuja getini.

Andor alirudi kwao kabla ya masika, nyumba zilikuwa zimeanza kuvunjwa vioo. Tulikubaliana nitamfuata. Nilichelewa kwa sababu ya kaburi, nilikuwa nasema nitakwenda wiki ijayo, wiki ijayo. Baadaye mipaka ikafungwa, na huko kwao nako wakamfikia. Sina kaburi lake.

Lakini kabla ya hayo, Andor alipokwisha kuondoka tu, ikatoka amri kwamba mtaa wetu mzima uvikwe mapaa ya heshima, ya mteremko. Nyumba ya kwanza kujengwa iwe ya kwanza kuvikwa, ili watu waone. Na fundi mkuu wakamtaka Traugott Behnke, kwa maana mji wote ulikuwa unakumbuka kisa cha ufagio. Walitaka mzee aliyetukanwa aje kulipiza kisasi mbele ya kamera zao.

Akakubali. Niliposikia nilikaa sakafuni. Nilimwona kupitia dirishani, mzee sasa, amepinda, na kofia ileile, anapanda kwa ngazi ya nje na vijana wake. Hakugonga mlango wangu. Siku nzima nyundo juu ya kichwa changu, boriti zinaburutwa pale mwanangu alipokuwa analala. Nilimlaani baba yangu mzazi. Nilijifunika mto na kumlaani.

Mchana wa siku ya tatu nyundo zikanyamaza. Niliwasikia vijana wanashuka, wamepewa mapumziko. Mtu mmoja alibaki juu. Nilisikia hatua zake zikienda mpaka kwenye ukuta wa kichumba cha ngazi, zikasimama. Hazikuondoka. Nilisubiri, nikaendelea kumenya viazi, nikamaliza, bado hazijaondoka. Vijana waliporudi, nyundo zikaanza tena, lakini mluzi wake sikuusikia tena.

Siku ya shada walikuja na bendera na matarumbeta. Mkubwa mmoja wa buti ndefu alisimama kwenye bustani yangu, juu ya vitunguu vyangu. Baba akapanda mgongo wa paa, peke yake, na kitu kwenye gunia begani. Mji mzima ulikuwa barabarani. Nami nilitoka, nikasimama kando ya geti.

"Toa shairi, Mzee Behnke!" mkubwa akapaza sauti. "Waambie nyumba ya mtu wa heshima ikoje!"

Baba akafungua gunia. Akatoa ufagio.

Aliugongomea kwenye ncha ya paa, misumari miwili, bila haraka, kama afanyavyo kila kazi. Tarumbeta moja ilikuwa bado inalia, haijaona, halafu nayo ikakatika. Watu waliinamisha macho, kwa sababu hakuna hata mmoja pale aliyehitaji kuelezwa. Akajimiminia glasi, akanywa. Hakuitupa. Akaitia mfukoni.

Kisha akatoweka. Ngazi ya nje ilikuwa imezungukwa na mashati ya kahawia wanamsubiri. Yeye aliingia katikati ya boriti, akapita darini. Mimi nikasikia ndani ya nyumba yangu, ngazini, viatu vizito vinashuka. Nikakimbia ndani nikapiga komeo.

Baba alikuwa amesimama jikoni kwangu.

"Niliapa siingii mlango ule," akasema. "Sikuuingia."

Nilimshika mikono, ilikuwa baridi na imejaa vumbi la mbao. Nje wameanza kugonga.

"Wewe ulisema utanitilia kahawa," akasema.

Nikatia. Nikamwaga nusu. Akatoa ile glasi mfukoni nikamtilia humo. Akakitazama kile kiti cha bomba, akakaa taratibu, kikambembeza, akashtuka, akakamata ukingo wa meza. Akajibembeza tena, makusudi.

"Kumbe kinampokea mtu," akasema.

Wakagonga kwa kitako cha bunduki. Yeye akanywa.

"Ile picha ya juu. Yule mumeo aliiacha?"

"Aliiacha, Baba."

"Kwenye ukuta wake?"

"Kwenye ukuta wake mweupe."

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi, polepole. "Basi nilimkosea. Ukimwona mwambie." Kisha akasema, "Pale juu nimepafunika vizuri kwa mbao. Mvua haitaigusa. Nimefanya na kakazi kadogo kengine, kalikuwa kamebaki."

Sikumwuliza kakazi gani. Nilikuwa namtazama tu, baba yangu ndani ya nyumba yangu, jua la dirisha la Andor limempiga usoni, anafumba jicho moja. Nililoliomba miaka yote ile nililipata kwa muda wa glasi moja ya kahawa.

Mlango ulianza kupasuka. Akainuka, akavaa kofia, akaniambia nikae mbali na vioo. Yeye mwenyewe akafungua komeo. Akatoka kwa mlango ambao hakuwahi kuuingia.

Hakurudi. Tuliambiwa ni moyo. Moyo wa Baba, uliokuwa unapanda makanisa! Ufagio waliung'oa siku ileile, lakini paa wakalimalizia, maana walikwisha piga hesabu ya vigae. Mlango wa darini nikaufunga kwa ufunguo, na sikupanda tena. Nisingeweza.

Sasa yote yamepita. Wale wamepita, vita nyingine imepita, na ule usasa wenyewe umezeeka ukafa. Waliourithi walijenga maghorofa ya zege kule ng'ambo ya reli, marefu, ya kijivu, watu wamepangwa humo kama mayai kwenye trei. Magazeti yanasema enzi ya mraba imekwisha, turudishe nguzo na maua. Andor angesikia hayo angekufa mara ya pili. Na kwa kuwa umekufa, sasa wanaupenda. Mwezi uliopita walikuja wawili kutoka ofisi ya majengo ya kale, kijana na binti, wana adabu, na ramani kwenye bomba.

"Bibi Roswitha," kijana akasema, "tunataka kuirudisha nyumba ilivyokuwa. Tutaliondoa hili paa la wale watu. Kuta zote zikwanguliwe, zipakwe weupe wa mwanzo."

"Zote?"

"Zote, bibi. Kama alivyoichora mwenyewe."

"Kule juu kuna mchoro wa mtoto."

Wakatazamana. "Tutaupiga picha kwanza," akasema.

Loo, nilitaka kumrushia kikombe. Picha tena! Lakini kosa si lake, kijana wa watu. Nikachukua ufunguo, nikampa yule binti, jina lake Annegret, nikamwambia apande na tochi aniambie kama rangi nyekundu bado ipo. Mimi magoti hayawezi.

Alikaa juu muda. Aliposhuka alikuwa na utando wa buibui kwenye nywele.

"Ipo, bibi. Kama imechorwa jana. Nyumba, na mtu juu na shada, na mlango."

"Hakuna mlango," nikasema.

"Upo."

"Mwanangu, mimi ndiye mama wa aliyechora. Hakuchora mlango."

"Upo, bibi," akasema taratibu, kama anaogopa kunikosea. "Ila si wa rangi. Ni wa penseli nene, mistari imenyooka kabisa, kama ya fundi. Una bawaba, una kitasa. Umechorwa uko wazi."

Nilikaa kwenye kile kiti, kikanibembeza. Nikawaambia wakunje ramani zao, wangoje nife, halafu wafanye wanavyotaka. Nikawaambia wakae wanywe kahawa. Kisha nikalia mbele ya watoto wa watu, kwa sauti, bila haya.